Mlango Wazi, Kabati Limefungwa

Kwa somo hili, soma: Mathayo 18:21, 22, Luka 15:11–32, Wagalatia 6:1–5, Filemoni 8–19.

Mfikirie mama mmoja wa Temeke. Mwanawe anatumia unga. Kwanza simu ya mama ilipotea, kisha redio, kisha mtungi wa gesi. Mara mbili kijana ameacha, na mara mbili amerudia. Usiku huu anagonga tena. Amekonda, anatetemeka, anasema, “Mama, nimechoka. Nisaidie.” Jirani amekwisha kumshauri mama asifungue, kwa maana kijana amejitakia mwenyewe. Dada wa kanisani amemwambia afungue, kwa maana Mkristo husamehe. Mama amesimama nyuma ya mlango, mkono uko kwenye komeo.

Afanye nini? Petro aliuliza swali linalofanana na hili, naye alitaka hesabu: nimsamehe ndugu yangu mara ngapi? Jibu la Yesu liliondoa hesabu kabisa. Lakini mama ana swali la pili ambalo Petro hakuliuliza. Ndani ya nyumba wamo wadogo wawili waliolala bila kula kwa sababu mtungi uliuzwa. Akimrehemu mmoja, nani atawatetea hawa?

Saa ya hatari

Mara nyingi uraibu huanza kwa uchaguzi, wala hakuna haja ya kuficha hilo. Lakini heroini ikitumiwa kila siku, ubongo huizoea hata mwili ukashindwa kutulia bila hiyo. Anayeacha ghafla huingia kwenye arosto: jasho, kuharisha, maumivu ya mifupa, usiku bila usingizi. Akifika hapo hatafuti raha tena, anatafuta nafuu.

Kuna jambo jingine ambalo familia nyingi hazilijui. Mtu akikaa majuma kadhaa bila kutumia, mwili hupoteza ule uzoefu. Akirudia kwa kiasi kile kile cha zamani, pumzi yake inaweza kusimama, akafa. Kwa hiyo saa ile tunayosema, “Amerudia tena, sasa basi,” ndiyo saa ambayo kifo kiko karibu naye sana. Kumfungia mlango saa hiyo si adhabu ndogo.

Kupokelewa na kuangaliwa

Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni kwa watu waliotumia heroini. Baadaye huduma hiyo ilifika Mwananyamala, Temeke, Zanzibar na kwingineko. Dawa hii hunywewa mara moja kwa siku. Kipimo kikiwa sawa, huzuia arosto kwa muda wa kama siku nzima bila kumlevya mtu, naye hupata nafasi ya kufikiri, kula na kufanya kazi.

Lakini dawa haiwezi kutoka hospitalini kwenda kumtafuta mtu kijiweni. Kazi hiyo hufanywa na asasi za kijamii. Waelimishaji rika wao, ambao baadhi yao walitumia unga zamani, huenda maskani, huketi na vijana, huwajua kwa majina. Aliye tayari humsindikiza kliniki. Huzungumza na wazazi waliokata tamaa. Asipoonekana siku mbili tatu, humfuata. Malindi, nchini Kenya, Mradi wa Omari umefanya kazi ya namna hii tangu miaka ya 1990. Zanzibar kuna nyumba za upataji nafuu, ambamo walioacha huishi pamoja kwa ratiba na masharti.

Tazama jinsi kliniki inavyofanya. Mgonjwa hupokelewa asubuhi hata kama jana aliteleza. Hata hivyo, anayeanza hakabidhiwi chupa aende nayo nyumbani. Hunywa dawa mbele ya mhudumu. Anapokelewa, na anaangaliwa. Hakuna anayesema mhudumu yule anamchukia.

Wengine huuliza, “Je, huku si kubadilisha kilevi kwa kilevi?” Ni swali la haki kwa watu wanaofundisha kiasi. Ni kweli kwamba anayetumia methadoni bado anaitegemea dawa. Lakini aliyevunjika mguu hatumwamuru atupe magongo kwanza ndipo tumsifu kwa kutembea. Uhuru kamili na tuutamani, bila kuidharau hatua iliyomtoa mtu kaburini.

Mizigo miwili

*Soma Wagalatia 6:2 na 6:5. Je, Paulo anajipinga?* Kwanza anatuagiza tuchukuliane mizigo. Mistari mitatu mbele anasema kila mtu atachukua wake. Katika Kiyunani ametumia maneno mawili tofauti. La kwanza hutumika kwa uzito unaolemea. La pili ni mzigo wa kawaida, kama ule ambao msafiri hujibebea. Arosto, aibu ya kuingia kliniki peke yake, njaa ya siku za kwanza: huo ni uzito wa kusaidiwa. Kuamka kila asubuhi kwenda kunywa dawa, kusema kweli, kurudisha simu aliyoiuza: huo ni mzigo wake. Tukimnyima msaada kwa ule wa kwanza, tunamwua. Tukimbebea na huu wa pili, tunamzuia asipone.

Baba wa Luka 15 alifanya hivyo hivyo. Alikimbia, akakumbatia, akavika joho, akachinja. Hakungoja kijana amalize maneno aliyojiandalia. Lakini hatusomi kwamba mali iligawanywa mara ya pili. Mwana mkubwa alihakikishiwa kwamba yote yaliyobaki ni yake. Paulo naye, alipomrudisha Onesimo, hakujifanya kwamba hakuna deni. Aliomba liandikwe kwake. Rehema haifuti ukweli.

Basi tumrudie mama. Anafungua. Anampa mwanawe uji na mahali pa kulala. Kabati anaacha limefungwa, na pochi ameiweka kwa jirani. Asubuhi hampi nauli mkononi. Anafuatana naye hadi ofisi ya asasi. Kijana akiuliza, “Mama, huniamini?” anamjibu, “Nakupenda, mwanangu. Kukuamini tutaanza leo, siku moja moja.”

Zipo nyumba ambamo hata hilo haliwezekani, kwa sababu kijana amewahi kushika kisu, au wadogo wana hofu. Mama wa nyumba hiyo hana kosa akisema, “Hapa hutalala.” Lakini mlango mmoja ukifungwa kwa haki, lazima mwingine uwe wazi. Ndiyo maana kazi hii haikuwekwa juu ya mama mmoja. Ni ya jamii, na kanisa limo ndani yake. Je, kijana huyu akifika Sabato na nguo zile zile za jana, atapata pa kuketi, au watu watasogeza mikoba yao tu? Kusogeza mkoba si dhambi. Dhambi ni kusogeza mkoba bila kumsogezea na kiti.

Maswali ya Kujadili

1. Kuna tofauti gani kati ya kumsamehe mtu na kumwamini tena? Ni nini hutokea tukivichanganya?

2. Katika familia unayoijua, ni mzigo upi wa mraibu ambao wengine wangepaswa kuubeba, na upi wangepaswa kumwachia?

3. Karibu na kanisa lenu, ni nani anayewafuata vijana vijiweni? Darasa lenu linaweza kumsaidia kwa jambo gani moja juma hili?