Kuacha Mshahara na Kushika Mizani

 

Ndugu zetu, katika darasa yetu tumeletewa suala na kijana wa mji wetu, karani wa kampuni, mwenye mshahara wa kila mwezi. Kila likizo yeye husafiri hadi Ndalu, katika nchi ya Tongaren, kaunti ya Bungoma, upande wa kuelekea Kitale, akanunua mahindi na kuyaleta pwani. Sasa ataka kuiacha kazi, ashike biashara hiyo moja kwa moja. Mama yake amlilia asifanye. Rafiki zake wamwambia aache kesho, amtegemee Mungu. Naye atuuliza: ni lipi lililo karibu zaidi na dini?

Twajibu, na tawfiki ni ya Mwenyezi Mungu: asili ya jambo hili ni halali, wala hapana aibu katika upande wowote. Abdurrahman bin Auf alipohamia Madina hali hana kitu, Saad bin Rabii alimpa nusu ya mali yake. Akamwombea baraka, akataka aoneshwe njia ya soko tu, akaanza kwa jibini na samli. Na Sayyidna Abubakar, alipokwisha kuwa Khalifa, aliamka akachukua nguo zake kwenda kuziuza, hata sahaba wenziwe wakamkatia posho ya Baitulmali ili apate kuwatumikia Waislamu. Yule aliingia sokoni, huyu alitolewa sokoni, na wote wawili ni katika wale kumi waliobashiriwa Pepo.

Basi twasikitika tuonapo katika miji yetu mzazi ajivuniaye mwana mwenye meza ya ofisi, na kumwonea haya mwana mwenye magunia. Tumesahau kwamba Uislamu haukufika Mumias katika mkoba wa karani. Ulifika na misafara ya wafanya biashara wa pwani katika karne ya 19, na watu waliitazama mizani yao kabla ya kuisikiliza dini yao.

Lakini rafiki zake nao wamekosea. Kutawakali si kujitupa. Mkulima wa Ndalu hutawakali baada ya kupanda mwezi wa Machi au Aprili, si kabla. Mahindi huko huvunwa mwishoni mwa mwaka. Fedha zitatoka mkononi mwake wakati huo, na huenda zisirudi ila baada ya miezi mingi. Je, katika miezi hiyo mke na watoto watakula nini? Nafaka yaweza kungoja bei, nafaka haina tumbo, mtoto hangoji. Masurufu ya nyumba ni faradhi juu yake, na biashara ni jambo la khiyari. Haifai kuivunja faradhi kwa ajili ya khiyari. Na ayaweke masurufu hayo mbali na rasilimali, wala asiyaguse hata bei ikimvutia vipi.

Kisha atoke kwa mlango, asitoke kwa dirisha. Ahadi ya kazi ni amana. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamtaka mwenye kulipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28 kwa maandishi, ikiwa mapatano yake hayakutaja muda mrefu zaidi. Akabidhi hesabu, wala asichukue siri za kampuni akazifanya mtaji wake. Mwenye kuanza kwa khiyana asitaraji baraka.

Na rasilimali ikipunguka, asikimbilie riba. Bwana Mtume (S.A.W.) kabla ya utume alifanya biashara kwa mali ya Bibi Khadija. Mlango huo ungali wazi: mmoja atoe mali, mwingine atoe kazi, faida wagawane kwa fungu walilopatana, na mali ikipotea pasi na uzembe wa mfanya kazi, khasara ya mali ni ya mwenye mali. Na tangu mwaka 2008 nchi ya Kenya ina benki zifanyazo kazi pasi na riba. Wala asiende kwa mganga kutafuta hirizi ya kutundika ghalani. Panya haogopi hirizi, na mteja aliyepunjwa hairudiwi na hirizi.

Huko sokoni ndiko uliko mtihani. Ofisini alikuwa na mkubwa wa kumkagua. Huko hana ila Mola wake. Mahindi hupimwa kwa gorogoro, kopo la kilo 2 hivi, kama wazee wetu walivyopima kwa kibaba na pishi. Na wako walibonyezao kitako likapunguka. Qur'ani ina sura nzima iliyoanza kwa kuwaonya wapunjao. Wako wanunuao mahindi yangali machanga shambani, kwa bei ya kumkaba mkulima mwenye shida ya karo. Bwana Mtume (S.A.W.) amekataza kuuza zao la shamba kabla ya kudhihiri kukomaa kwake, na mwenye kulipa fedha mbele kwa nafaka ya baadaye amemwekea sharti la kipimo kijulikanacho na muda ujulikanao. Na wako wauzao mahindi mabichi wakijua yataota kuvu. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, sumu ya kuvu katika mahindi iliwaugua watu 317, wakafa 125. Gunia lisilokauka si kosa dogo.

Basi jawabu letu kwa ndugu yetu ni hili: baki kazini hata utimize masurufu ya nyumba ya msimu mmoja na ulipe madeni yako, kisha utake radhi ya mama yako kwa kumwonesha hesabu, si kwa kumshinda maneno, kisha nenda. Nasi watu wa mji yatupasa tumsaidie kwa jambo jepesi: tukikopa kwake, tuandike deni kama tulivyoamrishwa, na tulipe. Maduka mangapi ya ndugu zetu yamefungwa, wala si kwa uvivu wao, bali kwa madeni yetu!

Mwenyezi Mungu atujaalie rizki ya halali na mizani iliyo sawa. Amin.