Kwa Karani Mpya wa Mizani

Mjukuu wangu, nimesikia chama cha msingi kimekukabidhi mizani ya gulio msimu huu. Hongera. Mama yako anasifu mshahara. Mimi nina neno kuhusu mizani yenyewe, na utanivumilia nikirefusha, maana huko kwenye semina sidhani kama yupo atakayekueleza haya.

Enzi za Mwingereza, kabla vyama vyetu havijaingia gulioni, pamba ya Usukuma ilinunuliwa na watu wenye leseni ya serikali, wengi wao Wahindi, wakiwanunulia wenye vinu vya kuchambulia pamba. Mkulima alitoka nyumbani alfajiri, mzigo kichwani au juu ya baiskeli, akafika jua limeshachoma, akapanga foleni. Mnunuzi alijua jambo moja tangu asubuhi: mzigo ule haurudi nyumbani. Ujanja wake wote uliegemea hapo, kwenye miguu iliyochoka.

Mbinu zilikuwa ndogondogo. Mshale ulianzia nyuma ya sifuri. Kibarua aliyetundika mzigo alisahau kuondoa goti chini yake. Uzito wa gunia ulitolewa wakati wa kupima, ukatolewa tena wakati wa kuandika. Ratili zilizozidi makumi zilimezwa, ishirini na saba ikawa ishirini. Pamba safi iliitwa fifi, yaani ya daraja la chini, ikalipwa bei ya fifi, na jioni ikamwagwa kwenye lundo la safi. Aliyelalamika aliitwa mbele ya foleni nzima, akaambiwa asome mshale mwenyewe, huku kila mtu akijua kwamba hajui kusoma. Hili la mwisho ndilo baya kuliko yote. Ratili saba mtu angezilima tena mwaka unaofuata. Kicheko cha foleni alikwenda nacho kaburini.

Mahakama zilikuwepo, usiseme hazikuwepo. Kanuni ya Adhabu ilianza kutumika Tanganyika mwaka 1930, na viboko vilikuwa adhabu halali. Lakini aliyeiba kuku aliacha mwenye kuku akipiga kelele na manyoya uani. Ratili iliyopotelea kwenye mshale haina manyoya. Mlalamikaji angepeleka nini kwa hakimu? Cheti chenyewe kiliandikwa na yuleyule aliyemwibia.

Wala usidhani wakulima walikuwa malaika. Mchanga uliingia kwenye pamba. Maji yalinyunyizwa usiku, jiwe likalazwa katikati ya gunia, fifi ikawekwa chini na safi juu. Watu walijisifia hayo vilabuni, wakayaita kisasi. Kisasi gani? Mnunuzi hakupoteza senti. Alikisia mchanga wa wachache, akaukata kwa wote, kwa hiyo mjane aliyechambua pamba yake uchafu kwa uchafu ndiye aliyemlipia mjanja wa kilabuni. Nakusisitizia hili kwa sababu utalisikia tena likisemwa kwa maneno ya kisasa: wakubwa wanakula, na sisi tule. Anayeliwa huwa ni jirani.

Kilichobadili mambo kilikuwa mizani ya pili. Wafanyabiashara Waafrika na vijana wenye elimu kidogo walianza kupima pamba ya wakulima kwa mizani yao wenyewe kabla haijafika kwa mnunuzi. Mkulima akaenda dirishani akiwa na hesabu yake mkononi. Hakuhitaji kugombana, alihitaji tu namba. Kutoka kwenye kazi hiyo ya kupima, vyama vya wakulima vikashika mizizi. Paul Bomani, aliyekuwa akiongoza wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, aliviunganisha, na mwaka 1955 ukapatikana ule muungano mkubwa wa vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa uliobeba jina la Victoria. Mwaka uliofuata wakawa na kinu chao cha kwanza, Kasamwa, huko Geita. Uhuru ulipofika, pamba ya kanda ilikuwa inapita mikononi mwa vyama hivyo.

Hadithi hii wazee wenzangu huikatia hapo. Hukohoa, wakaomba kahawa.

Mimi nitaendelea. Mizani ilipokuwa yetu, mshale ulianza tena kuanzia nyuma ya sifuri. Karani alikuwa mtoto wa kijiji, pengine shemeji yako, na goti lilikuwa palepale chini ya mzigo. Mwaka 1963 Bunge lilipitisha sheria ya adhabu za chini kabisa, na wizi wa mali ya ushirika ukawekwa humo: kifungo, na viboko ishirini na vinne, nusu yake siku ya kuingia gerezani na nusu nyingine siku ya kutoka. Miaka mitatu baadaye serikali ikaunda kamati ya kuvichunguza vyama vya ushirika nchini, kwa jinsi malalamiko ya wakulima yalivyokuwa mengi. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa. Serikali ilikuwa na sababu zake nyingine pia, lakini sikumwona mkulima aliyevililia.

Naamini tulikosea mahali pamoja. Tulipoibiwa na Mhindi tulisema ni tabia ya Wahindi. Kwa hiyo alipoondoka gulioni, tukaacha kupima mara ya pili. Nani angempimia ndugu yake tena? Ingekuwa kumtukana.

Basi wewe, watukanwe hao ndugu. Mkulima akija na mizani yake ya mkononi, usinune. Pima yako, tazama yake, zikitofautiana mwite mwenyekiti. Mizani yako ya kidijitali ina alama ya Wakala wa Vipimo, ni vizuri, lakini namba ile haionekani na bibi aliyesimama upande wa pili wa meza. Igeuze. Onyesha sifuri kabla ya kila mzigo. Taja kilo kwa sauti, ziandike akiwa anatazama, stakabadhi aondoke nayo siku hiyohiyo, si kesho. Pamba ikiwa mbichi au ina mchanga, mrudishie huyohuyo akaanike. Usikate kilo za wote.

Ukifanya hivyo, wiki ya pili atakuja mtu. Hatakuja kwa ukali. Atakuambia magari yana upungufu njiani, kiwandani wanakata unyevu, chama kitabeba hasara, kwa hiyo kila mzigo upunguze kilo moja tu, makarani wote wanafanya. Ataongea kama baba. Muombe aiandike amri hiyo, atie sahihi na mhuri wa chama. Akikataa, endelea kupima. Akikufukuza kazi, heka mbili za kule bondeni bado hazijalimwa, na jembe la ng'ombe nimeshalitengeneza.