Tuta la Nani?

Mtu atokaye Kigali kwenda kusini mwa nchi huuvuka mto Nyabarongo muda mfupi tu baada ya kuiacha Nyabugogo. Katika miezi ya mvua maji ya mto huo huwa na rangi ya matofali mabichi. Siku moja tulikuwa tukivuka daraja pamoja na wanafunzi wetu, tukawataka wataje rangi ya maji, kwa kuwa majina ya rangi ndiyo yaliyokuwa somo la juma lile. Mmoja alijibu, "Kahawia." Mwingine alisema, "Rangi ya udongo." Wa tatu, binti ambaye aghalabu hukaa kimya, akauliza: "Mwalimu, udongo huo umetoka shamba la nani?"

Hatukuwa na jibu, na sababu yake tutaieleza baadaye. Twajua tu kwamba udongo ule hutoka kwenye miteremko, na kwamba kabla ya kufika hapa Kigali hupitia bwawa la umeme la Mushishiro, wilayani Muhanga, lenye mitambo ya megawati 28. Kutoka hapa huendelea hadi Akagera, kisha Ziwa Viktoria. Kwa hiyo shamba la mtu mmoja likimomonyoka, hasara haiishii mpakani mwake. Mwenye kuwasha taa mjini yumo katika hesabu hiyo, na mvuvi wa ziwani naye yumo.

Basi swali tunalotaka wasomaji walifikirie pamoja nasi ni hili: mwenye shamba anapolikinga shamba lake, je, ni haki serikali imlipie sehemu ya gharama? Sisi walimu tumezoea kuwakaririsha watoto kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haisemi ikiwa nyumba ni moja na ufa unawavujia majirani, udongo wa kuzibia utanunuliwa na nani.

Neno lenyewe, kuchangia gharama, lina historia chungu katika lugha yetu. Wakenya walilisikia hospitalini mwaka 1989, na Watanzania wakalizoea katika miaka ya 1990, na kote huko maana yake ilikuwa kwamba mwananchi atoe fedha kwa huduma aliyokuwa akiipata bure. Katika habari ya mashamba mambo yamegeuka: mchangiaji ni serikali, na mpokeaji ni mwananchi. Si ajabu kwamba wengi hulipokea neno hilo kwa shaka, wakijiuliza ni kipi kitakachodaiwa baadaye.

Shaka hiyo ina mizizi mirefu zaidi. Wakati wa ukoloni hapakuwa na mchango bali amri. Hapa Rwanda Wabelgiji waliwalazimisha wakulima kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, na uhuru ulipopatikana mwaka 1962 mingi iliachwa ikafukiwa. Huko Murang'a, nchini Kenya, wanawake waligoma mwaka 1947 kuchimba matuta ya lazima. Katika milima ya Uluguru serikali ya Tanganyika iliwaamuru watu wakate matuta ya ngazi; mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, mtu mmoja akapigwa risasi akafa, na mpango wenyewe ukafutwa. Wala tusidhani kwamba watu hao waliuchukia udongo wao. Huko Machakos wakulima hao hao walioyakataa matuta ya amri walikuja kujichimbia matuta ya fanya juu kwa wingi usio na kifani, walipoona kwamba mavuno ni yao na uamuzi ni wao. (Mwalimu wa Kiswahili hana budi kutabasamu hapa: "fanya juu" imeingia katika vitabu vya kilimo vya dunia nzima bila kutafsiriwa, ilhali sisi twahangaika kutafuta tafsiri za maneno ya wenzetu.)

Marekani ilifuata njia nyingine. Mnamo Mei 1934 tufani la vumbi lilibeba udongo wa nyanda za kati hadi New York na Washington. Wakazi wa mijini, ambao hawakupata kushika jembe, wakalipumua shamba la mtu waliyekuwa hawamjui. Mwaka uliofuata iliundwa idara ya hifadhi ya udongo, na tangu 1936 serikali imewalipa wakulima wanaofuata njia za kuhifadhi ardhi. Katika mpango mmojawapo ulioanza mwaka 1996, malipo kwa kawaida hayazidi robo tatu ya gharama, ingawa mkulima mpya au mwenye kipato kidogo aweza kufikia asilimia 90. Lakini tuliyoyaona ya maana zaidi si hesabu hizo. Ni kwamba mkulima hutia sahihi mkataba, hulipwa baada ya kazi kukamilika, na hufungwa na ahadi ya kuitunza kazi hiyo kwa miaka iliyotajwa. Kila mmoja ajua fungu lake.

Sasa turudi nyumbani. Sheria ya ardhi ya mwaka 2005 ilitamka jambo zito: kwamba ardhi ni urithi wa pamoja wa Wanyarwanda, wale waliotangulia, walio hai na watakaozaliwa. Kati ya mwaka 2009 na 2013 viwanja zaidi ya milioni 10 vikaandikishwa kwa majina ya watu. Hivyo mkulima anayo hati yenye jina lake, juu ya kitu ambacho sheria ilikwisha kusema ni cha wengi. Wapo waonao mgongano hapo, sisi hatuuoni. Mtu aweza kuwa mwenye kitu na papo hapo akawa mtunzaji wake kwa niaba ya wengine, kama vile mwalimu alivyo na daftari la mahudhurio. Na wale wengine wakifaidika na utunzaji huo, kutoa kwao si sadaka, wala si hongo ya kumfanya mtu atimize wajibu. Ni deni lao. Ndiyo maana twakataa hoja ya wale wasemao kwamba mtu asilipwe kwa kutenda lililo jukumu lake. Jukumu lake ni kutoliharibu shamba. Kumkinga aliye mto mzima mbali naye ni jukumu la wote.

Lakini hebu tuangalie fedha hiyo hupita wapi. Umuganda, ulioanza kama kazi ya taifa mwaka 1974, hauna ujira. Mpango wa VUP ulioanza mwaka 2008 uliwapa kazi za umma watu wa kaya maskini, na ukataji wa matuta ulikuwa miongoni mwa kazi hizo. Mradi wa LWH, ulioanza mwaka 2010 kwa msaada wa Benki ya Dunia, nao uliwalipa vibarua wa kukata matuta. Ni jambo jema: mwenye njaa alipata ujira na kilima kikapata ngazi. Ila katika njia hiyo ujira ni wa mchimbaji, na tuta hubaki kwa mwenye shamba, ambaye pengine hakuulizwa fungu lake ni lipi.

Hapa ndipo tunapoungama. Katika kilima kimoja cha kusini, shamba la marehemu baba yetu lilikatwa matuta kwa fedha za namna hiyo. Sehemu ya chini ni ya kaka yetu mkubwa. Ya juu imeandikwa jina letu, sisi tunaoishi Kigali kwa mshahara. Hatukutoa faranga wala jasho. Mwaka wa tatu ukingo wa tuta mojawapo, katika sehemu yetu, ulibomoka. Kaka alituarifu kwa simu. Tukamjibu, na twaona haya kuyaandika maneno hayo: "Kaka, matuta ni ya mradi. Wacha waje watengeneze."

Hawakuja, kwa kuwa mradi ulikwisha kufungwa. Mvua ikaja. Tope likapita shamba la kaka, likafukia maharage ya mama mmoja mjane aliye chini ya kilima.

Tulipofika huko tulitaraji kaka atukaripie. Alitupeleka badala yake kwenye matuta yake, akachota udongo mwekundu kiganjani. "Mdogo wangu," alisema, "walipokata matuta haya, ule mweusi ulizikwa chini, huu ukapanda juu. Misimu miwili nilivuna nusu. Samadi nilinunua mwenyewe. Hakuna aliyeniandikia hilo daftarini." Kumbe fungu lake alikuwa amekwisha kulitoa, tena kubwa, lakini kwa kuwa halikutajwa popote, yeye alijiona amenyang'anywa na wengine wakamwona amepewa. Sisi ndio tuliokuwa tumepewa kweli, na tuliita kitu hicho cha mradi ili tusiulizwe.

Yupo atakayesema kwamba mwenye mshahara asingelipiwa kabisa. Tumelifikiria sana. Lakini kilima hakikatwi vipande kwa kufuata vipato: pakiachwa pengo juu, maji hupita hapo na kuyabomoa ya walio chini. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa nchi, na maji hayakuchagua. Kwa hiyo serikali haina budi kulipia kilima kizima. Inachoweza kufanya ni kutaja mafungu hadharani, siku ya kwanza, mbele ya majirani: huu ni mchango wa wote, hii ni hasara ya misimu miwili na fidia yake, na huu ukingo, kuanzia leo, ni wa fulani kuutengeneza.

Tuta letu tulilijenga upya mwezi wa Agosti, pamoja na kaka na vibarua wawili tuliowalipa, tukapanda majani ya kushikilia ukingo. Thamani ya maharage tuliipeleka kwa yule mama katika bahasha. Aliipokea, akahesabu, akarudisha kiasi fulani. Alisema kwamba mstari mmoja wa maharage yale ulikuwa umekwisha kuliwa na mbuzi kabla ya tope.