Wahesabu Ribiti

Eti mtu mzima anakesha akihesabu ribiti za behewa lenye urefu wa kidole! Ndivyo wanavyochekwa mafundi wa treni ndogo huko Uingereza na Marekani, na hata wao kwa wao wanaitana hivyo kwa kejeli: wahesabu ribiti. Mimi siwacheki. Ubishi wao unatugusa sisi tunaojifunza kutunga: ukiiga kitu cha kweli, kitu hicho kinakudai nini?

Chukua reli zenyewe. Kipimo cha OO, kinachopendwa sana Uingereza, ni milimita 4 kwa kila futi ya kitu halisi. Reli halisi ina upana wa milimita 1,435, kwa hiyo ile ndogo ingetakiwa iwe na 18.83. Iliyomo ni 16.5 tu! Behewa linaonekana kama bonge la mtu aliyevaa viatu vya mtoto. Wapo waliogoma, wakatandika reli za 18.83 kwa mikono yao, na kazi hiyo, jamani, inakula miaka. Wengi wamekubali ile ya 16.5, nami sioni kosa, maana wapenzi wa mchezo huu wanalijua jambo hilo siku zote. Ukuta wa kitambaa jukwaani humdanganya nani?

Au John Allen wa Monterey, California. Reli yake, Gorre & Daphetid, ilikuwa ya kubuni tupu, na stesheni akamweka dinosau wa kusukuma mabehewa badala ya injini. Alifariki mwaka 1973 na mpaka leo anatajwa kwa heshima. Hakuna aliyemwita mwongo.

Kinachonikera mimi ni behewa la makaa ya mawe. Kabla reli za Uingereza hazijataifishwa mwaka 1948, migodi na wauza makaa walikuwa na mabehewa yao wenyewe, majina yameandikwa ubavuni kwa herufi kubwa. Watengenezaji wa treni ndogo wakaona biashara. Wanafyatua umbo moja la plastiki, leo wanalipaka jina la mgodi huu, kesho la mgodi ule, hata kama mgodi huo haukuwahi kumiliki behewa la namna hiyo.

Nani atajali? Mabehewa yale ya mbao yalivunjwa kwa maelfu, na wenye kamera walipenda kupiga picha injini. Mgodi wa mwisho wa kina kirefu, Kellingley, ulifungwa mwaka 2015. Sasa mjukuu wa mchimbaji anaona dukani jina la mgodi wa babu yake, ananunua, anaweka kabatini. Kwake hiyo ndiyo kumbukumbu, na anaiamini kwa sababu ya lile jina la kweli.

Rafiki yangu ananibishia: kijana wa watu amefurahi, wewe unamnyimia nini furaha yake? Simnyimi. Ningetaka tu, kama fundi hajui behewa lilikuwaje, atunge na jina pia, kama Allen.

Sisi hapa Nairobi tuna bahati. Injini 5918, Mount Gelai, iliyoundwa Manchester, imesimama pale Makumbusho ya Reli. Anayetaka kuiiga na aende na futi yake akapime. Behewa lililochomwa kuni utalipimia wapi?