Upendo na Mambo Madogo

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya mafundisho ya ndoa hapa Boga, mwanamume mmoja alinifuata nje akaniuliza: "Mwalimu, mke wangu anung'unika kwamba simpendi. Lakini ng'ombe za mahari nilitoa zote. Nyumba nimemjengea, na mabati nimeezeka. Ada za watoto nalipa. Sasa ataka nini tena?" Siku ile sikuwa na jibu. Nikamwambia avumilie, naye akaenda zake. Lakini neno lake lilinibakia moyoni, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nikisema vivyo hivyo nyumbani kwangu.

Basi, wapenzi wasomaji, tulitazame swali hili. Mahari, nyumba na ada ni mambo makubwa, na mwenye uwezo asiyeyatimiza asijidai kwamba ana upendo. Lakini mambo hayo ni haki na wajibu. Mahari hutolewa mbele ya mashahidi, na nyumba huonwa na jirani wote. Mtu aweza kuyatimiza yote pasipo kumtazama mwenzake usoni hata siku moja. Jambo dogo haliwezekani hivyo. Ukimtengea mkeo maji ya moto kwa sababu ametoka shambani amelowa mvua, ni lazima kwanza umwone kwamba amelowa. Thamani yake haimo katika maji, imo katika kuona. Jambo dogo husema: "Nimekukumbuka wewe."

Jirani zetu wa ng'ambo ya mto Semliki, Watoro na Wanyoro wa Uganda, wameyajua hayo tangu zamani. Kwao mtoto, pamoja na majina yake mengine, hupewa na mpaako, ndilo jina la heshima na mapenzi. Majina hayo ni 12 tu: Amooti, Abwooli, Akiiki, Ateenyi na mengineyo. Watu wakikutana huulizana mpaako, ndipo wasalimiane. Kumwita mtu kwa mpaako hakugharimu hata faranga moja, lakini hasira hupoa, na mgeni hujiona yu nyumbani. Mwaka 2013 shirika la UNESCO liliiandika desturi hiyo katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa upesi. Tazameni! Ni neno dogo la kinywa tu, lakini wakubwa wa dunia wameona kwamba likipotea ni hasara.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, watu wenye silaha walivamia Boga na Tchabi. Watu zaidi ya 50 waliuawa, na wengi sana wakakimbia. Katika ukimbizi nilimfahamu mzee mmoja na mkewe, mama aliyezaliwa Toro. Ng'ombe wao walikuwa wameibiwa, na nyumba imeungua. Walilala chini ya turubai. Kila alfajiri mzee alichukua bidoni akaenda kupanga mstari kwenye maji katikati ya wanawake na watoto, kwa kuwa mkewe aliumwa magoti. Vijana walimcheka, asijali. Akirudi alisimama nje ya turubai na kuita kwa sauti ya upole: "Abwooli, maji haya." Naye mama alimwitikia kwa mpaako aliompa yeye mwenyewe walipooana.

Siku moja nikamwambia: "Pole, mzee. Umepoteza vyote." Akanijibu: "Ng'ombe nimepoteza, kweli. Lakini huyu ninaye, na maji yapo."

Hapo nilipata jibu la yule mwanamume. Nyumba huungua na ng'ombe huibiwa. Mtu aliyetia upendo wake wote katika vitu hivyo, vikiisha hana la kutoa tena. Mzee yule alikuwa bado anatoa kila siku. Wahenga walisema kweli: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Lakini tuangalie tusijidanganye. Mume ampigaye mkewe usiku na kumletea kitenge asubuhi hakumpa zawadi. Amenunua kimya chake. Vile vile mke amkaribishaye mumewe kwa maneno matamu siku ya mshahara peke yake, hayo si mapenzi, ni biashara. Jambo dogo ni la upendo likitolewa pasipo kudai malipo, na pasipo kufunika ubaya.

Tumkumbuke Bwana wetu baada ya kufufuka kwake. Wanafunzi walikuwa wamevua usiku kucha katika ziwa la Tiberia wasipate kitu. Yeye aliyeshinda mauti aliwangoja pwani amewasha moto wa makaa, ana samaki na mkate, akawaita wale. Wavuvi wa ziwa letu la Albert wanaujua utamu wa moto wa namna hiyo kwa mtu aliyetoka majini na baridi. Mwokozi wa ulimwengu hakuona haya kuwapikia rafiki zake waliochoka.

Nami niungame langu. Kwa miaka mingi mke wangu aliamka gizani kunipikia chai kabla sijaenda kufundisha vijijini. Nilikunywa nikaondoka. Jioni moja, baada ya kumfahamu yule mzee, nikamwambia: "Asante kwa chai ya asubuhi." Akanitazama sana, kisha akaniuliza kama ninaumwa. Niliona aibu kubwa. Nilikuwa nimemnyima neno lile muda mrefu, hata lilipokuja alidhani ni homa.

Tuliporudi Boga nilikutana tena na mwanamume yule wa mahari. Sikumfundisha mengi. Nilimwuliza tu: "Ndugu yangu, mkeo afurahishwa na nini?" Akafikiri, akakuna kichwa, akasema hajui. Nikamwambia: "Basi nenda ukajue."

Nawe, ndugu msomaji, unajua?