Jumanne: Mlango Usiofungwa kwa Kabila

Soma Matendo 15:1–11 na Wagalatia 2:1–14. Ni jambo gani lililotaka kuligawa kanisa la kwanza?

Asubuhi ya Sabato pale Kigera, Musoma, benchi moja laweza kuwakalisha Mkwaya, Mjita, Mzanaki, Mkurya na Mjaluo. Kikwaya na Kijita hukaribiana. Kijaluo ni lugha ya asili nyingine kabisa. Kiswahili huwaunganisha katika wimbo na somo, lakini lugha moja haitoshi kuondoa dharau iliyorithiwa.

Mkoani Mara dharau hiyo imepitia sana kwenye tohara. Kwa Wakurya, tohara ndiyo iliyomfanya kijana ahesabiwe mtu mzima. Wajaluo wa zamani hawakutahiri. Alama yao ilikuwa kung'oa meno sita ya chini. Hivyo mzee mwenye wajukuu aliweza kuhesabiwa mtoto na jirani yake.

Jambo la namna hiyo ndilo lililopelekwa Yerusalemu. Watu kutoka Uyahudi waliwafundisha ndugu wa Antiokia kwamba pasipo tohara hawawezi kuokoka. Petro alijibu kwamba Mungu, ajuaye mioyo, aliwapa Mataifa Roho Mtakatifu kama alivyowapa Wayahudi. Paulo naye hakuichukia desturi yenyewe: alimtahiri Timotheo (Matendo 16:3). Lakini wengine walipotaka kuifanya sharti kwa Tito, hakukubali hata kidogo. Desturi yaweza kuwa njia ya kuwafikia watu. Haiwezi kuwa mlango wa wokovu.

Rangi na kabila hakuna aliyejichagulia, basi si sifa wala aibu. Utamaduni watu hufundishwa, kwa hiyo hupimwa kwa Neno. Ukarimu kwa mgeni na heshima kwa wazee hutunzwa. Ukeketaji wa mabinti huachwa, hata kama mababu waliufanya.

Nchi nayo ilijaribiwa hivyo. Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia wa Tanganyika ufuate rangi ya mtu. Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama na wa kabila dogo la Wazanaki, alikataa, akawa tayari serikali yake ijiuzulu kuliko kulikubali hilo. Ikiwa taifa lilikataa kuufunga mlango wake kwa rangi, kanisa lililonunuliwa kwa damu ya Kristo litaufungaje kwa kabila?

Hata hivyo, kujua fundisho si kuliishi. Petro huyo huyo, kule Antiokia, aliondoka mezani pa Mataifa kwa kuwaogopa watu wake, na Barnaba akachukuliwa pamoja naye. Woga huo bado upo. Huonekana Sabato ya Meza ya Bwana, kila mmoja anapomtafuta wa kabila lake wa kutawadhana naye miguu. Huonekana katika kamati ya uteuzi, jina linapopimwa kwa ukoo kabla ya kupimwa kwa imani. Huonekana nyumbani, mwamini wa kabila jingine anapokuja kuchumbia. Paulo alimkemea Petro mbele ya wote, kwa kuwa mezani pale ndipo injili ilipokuwa ikikanushwa bila neno kusemwa.

Ni nani katika kanisa lako ambaye hujawahi kumtawadha miguu kwa sababu ya kabila lake? Utafanya nini Sabato ijayo ya Meza ya Bwana?