KIPAJI CHA MANJU
Kutoka 31:1–11, Yakobo 3:9–10

Katika habari za Hema ya kukutania limo neno ambalo wengi hulipita upesi, kwa kuwa limezungukwa na hesabu za mbao na mapazia. Mungu alimwita Besaleli mwana wa Uri kwa jina lake, akamjaza Roho, si apate kuhutubu wala kutabiri, bali apate kuchora, kuchonga miti, na kufua dhahabu na fedha na shaba. Akampa na mwenziwe, Oholiabu wa kabila la Dani. Basi fundi huyu hakuhesabiwa mtu wa nje ya ibada. Kazi ya mikono yake ilikuwa utumishi kama utumishi wa kuhani.

Lakini fungueni sura ifuatayo. Dhahabu ya watu wale wale inayeyushwa, inachongwa kwa chombo cha fundi, nayo inakuwa ndama. Kati ya sura hizi mbili hakuna hata ukurasa mmoja.

Sisi tukaao Ngokolo dhahabu twaijua, kwa kuwa vijana wetu hushika njia ya Geita kuitafuta, na almasi ya Mwadui, iliyovumbuliwa mwaka 1940, haiko mbali nasi. Walakini watu wa nchi hii walikuwa na mali nyingine kabla ya hizo, nayo ni wimbo. Nani asiyepata kuwaona wakulima wa bugobogobo wakienda shambani na ngoma zao? Majembe huinuka pamoja na kushuka pamoja, na manju huimba mbele yao. Mtu alimaye peke yake huchoka mapema. Hao huvuka shamba zima wakicheka. Tena manju si mtu wa kuchangamsha kazi tu. Yeye husema kwa sauti mambo ambayo jirani zake huyanong'ona: deni, njaa, bei ya pamba, ukali wa mkubwa. Mtu ambaye angeogopa kusimama barazani na kulalamika huitikia wimbo wake pasipo hofu, na moyo wake hupata nafuu. Hatuoni aibu kuiita karama hiyo kipaji kitokacho kwa Mungu.

Twajua pia habari za Bagika na Bagalu. Tangu karne ya 19 Wasukuma wamecheza katika makundi haya mawili, la Ngika na la Gumha, waliokuwa waganga na watani wa kushindana. Baada ya mavuno makundi hucheza siku moja, mahali pamoja, na ashindaye ni yule avutaye watu wengi zaidi. Hapo ndipo vishawishi huingia. Kwa ajili ya kuvuta watu, dawa hutafutwa; na wimbo wenye kumwumbua mtu huvuta watu kupita dawa yo yote.

Wazee wetu wengine, walipoyaona hayo, walifunga mlango kwa ngoma zote. Hatuwalaumu sana, ila twadhani walimtupa mtoto pamoja na maji aliyoogea. Luther mwenyewe alitunga nyimbo kwa Kijerumani, na vitabu vya kwanza vya nyimbo zile vilipigwa chapa mwaka 1524, ili watu wamwimbie Mungu kwa lugha ya nyumbani mwao. Tena Bernard Kyamanywa, alipokuwa mwanafunzi wa uchungaji huko Makumira mwaka 1966, alitunga wimbo wa Pasaka kwa sauti ya Kihaya, nao umevuka bahari na kuimbwa na Walutheri wa nchi nyingi. Ngoma haikuwa na hatia. Yatupasa kuuliza maneno yanamwendea nani.

Nasi twauliza kwa sababu ya jambo lililotukia karibu. Katika usharika mmoja, ambao hatuutaji, kijana mwenye kipaji kikubwa alitunga wimbo wa kwaya juu ya kazi za giza. Sauti yake ilikuwa nzuri mno. Katika ubeti wa tatu aliimba juu ya bibi mwenye jicho jekundu akaaye karibu na mbuyu. Hakutaja jina. Hata hivyo watu wote waligeuka, wakatazama benchi moja.

Ninyi mnaosoma mwajua katika mkoa wetu jicho jekundu la mwanamke mzee limeleta nini. Wengine wamekatwa mapanga usiku kwa ajili yake. Na wekundu ule watoka wapi? Mahali ambapo kuni ni haba, mama hupikia mavi ya ng'ombe miaka arobaini, katika jiko lisilo na dirisha. Sheria ya nchi juu ya uchawi, tangu mwaka 1928, imemhesabu mwenye kumtaja jirani yake kuwa mchawi kuwa ni mkosaji. Na Yakobo asema kwa ukali zaidi, kwamba haifai kinywa kimoja kumhimidi Baba na kumlaani aliyefanywa kwa mfano wake.

Tulimwita kijana yule. Akasema, "Sikumtaja mtu." Tukamwuliza ni mbuyu gani alioukumbuka alipokuwa akitunga. Akanyamaza kwa muda mrefu.

Mama yule hakuja kanisani Jumapili mbili. Jumamosi iliyofuata kijana alikwenda mwenyewe mpaka mlangoni pake, akamwita, "Mayu." Akakaribishwa jikoni, kwa kuwa ndiko mama alikokuwa, akisonga ugali. Akaketi kwenye kigoda akimngoja amalize kupika kabla hajasema neno lililomleta, na moshi ulikuwa mwingi, hata macho yake naye yakawa mekundu.